Delta wanajua mpira, shida ni pa kulala

Kibiti. Canter imesimama mbele ya lodge yenye vigae vinavyong'aa, saa tatu usiku. Vijana wanashuka mmoja mmoja, mabegi mgongoni, wengine wameshika viatu vya mpira mkononi. Suruali zimekunjwa hadi magotini na miguuni kuna tope la mikokoni lililokwisha kukauka. Meneja wao anaingia mapokezi peke yake. Anauliza bei ya chumba, anapiga hesabu kwenye simu, anashukuru, anatoka. Canter inawashwa tena.

Usiku ule walilala darasani. Kesho yake saa 10 jioni waliingia uwanjani na kula kichapo cha mabao 3-1. Mabao mawili kati ya hayo yalifungwa dakika 15 za mwisho, wakati miguu ilishagoma.

Mimi nililala palepale lodge. Nilikuwa nimekuja Kibiti kuandika habari za mpira wa wilaya, nikaondoka na habari za vitanda.

KIYOYOZI, KING'AMUZI NA SUPU

Tuseme ukweli, Kibiti ya sasa inajua kupokea mgeni. Chumba nilicholipia Sh30,000 kilikuwa na kitanda cha futi sita kwa sita, chandarua kisicho na tundu, kiyoyozi kinachofanya kazi, maji ya moto na televisheni ukutani. Dada wa mapokezi hakuniuliza hata natoka wapi. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Kaka, asubuhi utakunywa supu ya mbuzi au ya kuku?"

Ukumbini watu walikuwa wamejaa wakiangalia marudio ya Ligi Kuu. Nusu wana jezi nyekundu, nusu za kijani na njano, kelele kama kawaida. Mlinzi alikuwa Yanga na mpishi alikuwa Simba, na kwa namna walivyokuwa wakitupiana maneno nilihofia supu yangu ya asubuhi ingeingizwa kwenye ugomvi.

Mtu aliyepita Kibiti miaka ya 1990 hawezi kuamini. Wakati huo safari ya Kusini ilikuwa adhabu. Ukitoka Dar es Salaam unafika mto Rufiji pale Ndundu, unasubiri pantoni, na mvua zikikolea unaweza kulala hapohapo. Mambo yalibadilika mwaka 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Lami ikafuata kidogo kidogo. Mabasi ya Lindi na Mtwara yakaanza kwenda na kurudi, malori ya korosho yakaongezeka, na Kibiti ikageuka kituo. Katikati ya miaka ya 2010 ikamegwa kutoka Rufiji na kuwa wilaya yenyewe. Watumishi wakaja, semina zikaja, na wenye viwanja wakaanza kumwaga zege.

Halafu ukaja mwaka 2017. Hakuna haja ya kuurefusha, kila mtu nchini anaukumbuka. Viongozi wa vijiji waliuawa, askari waliuawa, na bodaboda zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mji unaoishi kwa wageni ukakosa wageni. Mpira nao ukanyamaza, maana mechi ya saa 10 inaisha karibu na saa 12, na nani angekubali kubaki uwanjani wakati usafiri wa kumrudisha kwao umekatazwa?

Kwa hiyo leo ukiona lodge imejaa, bodaboda zimepanga foleni nje saa nne usiku na watu wanabishana kuhusu penalti, usidhani ni jambo dogo. Mji huu umerudi uwanjani baada ya majeraha.

Lakini uwanja una pande mbili. Ule wa pili uko majini.

HESABU YA MENEJA

Asubuhi nilimtafuta yule meneja wa Canter. Nilimkuta nyuma ya shule, anasimamia sufuria ya uji. Ni mtu wa makamo, mfanyabiashara wa kaa, na timu ile anaiendesha kwa mfuko wake na michango ya wavuvi.

"Ndugu mwandishi, ile lodge ni nzuri, sikatai," aliniambia. "Ila piga hesabu mwenyewe. Sisi tuko 20. Tukibanana wawili wawili ni vyumba 10. Elfu 30 mara 10 ni laki tatu. Na sisi hatulali usiku mmoja, tunalala miwili. Hiyo ni laki sita, bado hujagusa mafuta ya boti, Canter wala chakula. Kwa mechi moja!"

Nikamuuliza kwa nini usiku miwili, wakati mechi ni dakika 90.

Akacheka. "Wewe wa Dar unafikiri sisi tunasafiri kwa saa. Sisi tunasafiri kwa maji."

MAJI YANAJAA FILIMBI IKILIA

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote ya kuandika mpira sikuwahi kulifikiria.

Delta ya Rufiji ni pale mto unapogawanyika vidole vidole kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Katikati ya vidole hivyo kuna msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vimo humohumo. Hakuna barabara kati yao. Barabara ni mkondo, na mkondo una maji saa fulani tu. Maji yakipwa, boti inakaa juu ya tope na nyie mnakaa juu ya boti, mnaangaliana.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kujaa tena kwenye saa 10 jioni. Katikati yake, kwenye saa nne asubuhi, maji yamekauka. Sasa weka ratiba ya ligi juu ya hesabu hiyo. Timu ikitaka kuondoka siku ya mechi, iondoke usiku wa manane au alfajiri, gizani, ifike Nyamisati, ipande gari kupitia Bungu hadi Kibiti, halafu ikae juani mpaka saa 10 jioni. Na saa 10 jioni mwamuzi anapopuliza filimbi ya kuanza, ndiyo saa ileile maji ya kuwarudisha nyumbani yamejaa Nyamisati. Mechi ikiisha, maji yanaondoka. Wakifika bandarini usiku, mkondo umebaki tope.

Ndiyo maana wanakuja jana yake na kuondoka kesho yake. Ndiyo maana ni usiku miwili.

Na ukikosa maji? Kanuni haina huruma na mwezi. Timu isipofika uwanjani, mpinzani anapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani. Msimamo wa ligi hauandiki kwamba timu ilikuwa imekwama juu ya tope, kilomita chache kutoka Nyamisati, wachezaji wakiwa wameshavaa jezi.

"Watu wanasema delta hatuna nidhamu, tunakacha mechi," nahodha wa timu, kijana anayecheza namba sita, aliniambia huku akimenya chungwa. "Kaka, mimi nimewahi kushuka kwenye boti nikaisukuma kwenye matope zaidi ya saa nzima ili tuwahi. Halafu nikacheza dakika 90. Hiyo kama siyo nidhamu ni nini?"

KAMBI NDEFU KULIKO ZOTE

Nikaomba kurudi nao. Siku hiyo tuliondoka Nyamisati maji yalipojaa, jua likianza kuzama, mashine ikinguruma na vijana wakiichambua mechi yao kama wachambuzi wa redioni. Beki wa kulia alilaumiwa mpaka nikamhurumia.

Mikoko ikatufunga pande zote mbili. Mzee aliyeshika usukani alininong'oneza kwamba kona zile zote zinafanana kwa mgeni, lakini kwake kila moja ina jina. "Hata Mjerumani alijificha humu," alisema.

Wenye mapenzi na historia wanaijua habari hiyo. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Kisha ikaja kujificha ndani ya delta hii, upande wa Salale. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba lakini hawakuweza kuifuata, kwa sababu meli zao kubwa zilikuwa zinazama sana majini kuliko kina cha mkondo. Wakaziba midomo ya mto na kungoja. Ilibidi zije meli mbili bapa kutoka Uingereza, Severn na Mersey, na ndege za kuangalia risasi zinaangukia wapi, zikirukia Mafia. Walishambulia Julai 6, 1915 bila kuimaliza, wakarudi Julai 11 na mchezo ukaishia hapo. Mizinga yake 10 ilitolewa na kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja wao uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Kwa lugha ya kurasa hizi, Königsberg iliweka kambi ya miezi tisa ndani ya delta. Sijui timu nyingine iliyowahi kukaa kambini muda huo. Kilichowalinda Wajerumani ni kilekile kinachowaumiza vijana wa leo. Maji haya hayamruhusu kila mtu kupita, wala hayamruhusu kila saa.

BORITI ZA RUFIJI, VITANDA VYA SHANGANI

Usiku huo nililala kwa bibi wa mmoja wa wachezaji. Nyumba ya miti na udongo, paa la makuti. Nilipomwamkia "Shikamoo bibi", akaitikia "Marahaba mwanangu, umeshakula?" kabla hata hajajua jina langu. Wali wa Rufiji ukaja, ule unaonukia toka jikoni, na kambamti wa nazi. Nilitandikiwa mkeka juu ya kitanda cha kamba. Hakuna kiyoyozi, ila upepo wa bahari ulipita kwenye mwanya wa ukuta na nikalala kama mtoto.

Juu yangu kulikuwa na boriti za mikoko. Nikiwa nimelala chali nikakumbuka chumba kingine nilichowahi kulala, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nilipokwenda kuandika Kombe la Mapinduzi. Ile ilikuwa hoteli hasa, nyumba ya kale iliyokarabatiwa, maji ya moto, intaneti, mashuka meupe. Lakini chumba kilikuwa chembamba, na juu kulikuwa na boriti zilezile.

Wajenzi wa Mji Mkongwe waliezeka dari kwa boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka ina urefu wa mita tatu hivi. Basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Na delta ya Rufiji ilikuwa moja ya mahali palipotoa miti hiyo, ikapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja na hadi Uarabuni. Mwaka 2000 UNESCO iliutangaza Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia. Leo mtalii anashuka Shangani, analipa dola, analala chini ya dari ambayo upana wake uliamuliwa na mti wa huku. Jasho la babu wa namba sita wetu linaweza kuwa limeshikilia dari ya hoteli ya nyota tano, huku mjukuu analala darasani Kibiti kabla ya mechi.

Jambo hili si la hapa peke yake. Miji ya kale iliyobaki hai duniani ni ile iliyojua kumlaza mgeni bila kujifuta. Wajapani wanalijua hilo. Kyoto mgeni anakwenda kulala kwenye nyumba ya mbao, anavua viatu mlangoni, anatandikiwa godoro jembamba juu ya mkeka wa tatami, na analipa pesa ndefu kwa raha hiyo. Mkeka sisi tunauita umaskini, wao wameuwekea bei. Japani hiyohiyo imekuwa nchi ya bahati kwetu. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986, na ya Fukuoka mwaka 1986. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia kwenye marathoni jijini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03.

Kuna jambo jingine la Wajapani ambalo Kibiti ingeweza kuliiga kesho asubuhi. Kuelekea Olimpiki ya Tokyo, miji yao midogo ilijitwika nchi za kigeni, kila mji na mgeni wake. Tanzania ilichukuliwa na mji wa Nagai, mkoani Yamagata. Mji mzima ukawa mwenyeji wetu.

TUFANYEJE SASA?

Asubuhi nilitembezwa uwanjani kwao. Ni tambarare ya chumvi nyuma ya mikoko, ngumu kama sakafu, goli za miti ya mikoko, haina hata jani. Bamvua kubwa ikija maji yanapanda mpaka kwenye boksi. "Ndiyo maana sisi tunapiga pasi za chini," nahodha alitania. "Mpira ukienda juu unaweza kuufuata Mafia."

Utani pembeni. Watu hawa wamepita mengi. Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kikafuata kimbunga Hidaya, na barabara ya Kusini ikakatika upande wa Somanga. Kijana aliyepoteza mpunga wa msimu mzima bado anachanga mafuta ya boti ili akacheze mpira. Tukimwambia akalipe laki sita ya vitanda, tutakuwa tunamfukuza kwenye ligi kwa adabu.

Niliwauliza wazee wa timu, makocha na yule mzee wa usukani, na majibu yao niliyaunganisha njiani. Ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni ratiba. Maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Ikipita siku ya tatu au ya nne tangu mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa 12 asubuhi na kujaa tena saa 12 jioni na ushee. Panga mechi ya timu ya delta siku hiyo, na ianze saa nane mchana. Vijana watatoka kwao asubuhi maji yakiwa tele, watafika Kibiti, watapumzika, watacheza, mechi itaisha kabla ya saa 10 na nusu, na watakuwa Nyamisati wakati maji yanapanda. Jua la saa nane ni kali, kweli, lakini lina nafuu kuliko usiku miwili sakafuni. Mwenye kupanga ratiba anahitaji kalenda yenye mwezi tu, na simu ya kumpigia nahodha yeyote wa boti.

La pili ni la Nagai. Mji wa Kibiti una mitaa, na kila mtaa una timu ya mashabiki na akina mama wanaojua kupika. Kila mtaa uchukue timu moja ya delta iwe mgeni wake. Mvua ikiharibu ratiba na vijana wakalazimika kulala, wasilale darasani, wagawanywe majumbani wawili wawili. Wenye lodge nao, siku za katikati ya wiki vyumba vikiwa wazi, wanaweza kuwapa bei ya mwanamichezo. Mpira ndio unaojaza ukumbi wao kila wikiendi.

La tatu ni kurudisha ziara. Angalau mechi moja kwa msimu ichezwe delta. Timu za mjini zipande boti, zijue maana ya kusubiri maji, zilale kwenye mkeka chini ya boriti. Nina hakika zikirudi hakuna atakayesema tena kwamba delta wanakacha mechi.

Nilipoaga, bibi alinifungia andazi na samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Nikajaribu kumpa pesa ya malazi. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Mwanangu, hapa hatuuzi usingizi," alisema. "Wewe kawaambie huko Kibiti, wajukuu zangu wakija kucheza, nao wapewe pa kulala."

Nimeshakuambieni. Boti ilisukumwa, mzee akashika usukani, akaangalia maji na kusema tuwahi, yameanza kupwa.